Bakuli la Maji Kati Yangu na Baba

Miaka kumi na tatu niliambiwa namuua baba yangu, na silaha yenyewe ni siku niliyozaliwa.

Sitanii. Na kilichokuja kunitoa kwenye hiyo kesi ni jozi moja ya viatu vya bibi.

Naandika kama ninavyoongea. Shule na mimi tuliachana mwaka jana na hakuna aliyelia.

Naitwa Duan Miao. Kwetu ni mji mdogo wa makaa ya mawe hapa Shanxi. Ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unaanua kitu chenye rangi ya chai.

Miao kwa maandishi yetu ni alama ya maji, imepangwa mara tatu. Ukilitamka linafanana na mlio wa paka. Fikiria mwenyewe nilivyoisoma shule ya msingi.

Sikujichagulia. Nilipozaliwa, bibi mzaa baba alienda kwa mzee mmoja mpiga ramli, akampa mwaka, mwezi, siku na saa. Mzee akahesabu kwa vidole, akasema huyu mtoto kajaa moto. Moto kwenye mwaka, moto kwenye mwezi, moto mpaka kwenye saa. Maji hana hata tone.

Kwetu vitu ni vitano: chuma, maji, mti, moto, udongo. Kila kimoja kinazaa kingine, na kila kimoja kina mbabe wake. Chuma kinazaa maji. Maji yanazima moto. Moto unayeyusha chuma. Ukipungukiwa kimoja, unakisaka maisha yako yote. Unakisaka kwenye jina, kwenye rangi ya nguo, mpaka kwenye namna unavyoamka asubuhi.

Ndiyo nikabandikwa maji matatu.

Sasa baba yangu anaitwa Tiezhu. Maana yake nguzo ya chuma. Na mpiga ramli alishasema zamani kwamba huyo ni chuma kitupu, mpaka kwenye mifupa.

Umeshaona tatizo lilipo.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Nilibebwa, nikabembelezwa, nikakaa mabegani kwa baba nikimvuta masikio. Nakumbuka harufu ya shingo yake, sabuni na makaa.

Nilipofika miaka sita akaanza kukohoa.

Alikuwa akichimba makaa chini ya ardhi tangu ana miaka kumi na saba. Daktari akatuonyesha picha ya kifua, akasema ni vumbi, limejaa mapafuni, hakuna la ajabu hapo. Bibi akamshukuru daktari vizuri kabisa. Tulipotoka nje akasema, "Vumbi wanavuta wanaume wote wa mtaa huu. Mbona ni mwanangu tu anayeyeyuka?"

Halafu akaniangalia.

Kwetu mapafu ndiyo nyumba ya chuma mwilini. Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Nilikuwa mdogo ila sikuwa mjinga.

Mama alipinga. Walizozana wiki nzima, sufuria zikaruka. Mwisho mama akaondoka kwenda kusini kwenye kiwanda cha kushona, na huko huko akaolewa tena. Mimi nikabebewa blanketi na vyombo vyangu, nikapelekwa upande wa pili wa mji kwa mwalimu Geng.

Mwalimu Geng anatengeneza siki. Uani kwake kuna mitungi mikubwa inayonizidi urefu, na mtama uliochachuka unaogeuzwa kwa mikono kila siku ukiwa wa moto. Ila siki ni kazi ya mchana tu. Asubuhi alikuwa anafundisha ngumi tano za zamani, kila ngumi na kitu chake. Ya chuma inapasua kama shoka. Ya maji inachimba kwenda juu kama chemchemi. Ya mti inasukuma, ya moto inalipuka, ya udongo inakatisha.

Mimi nilipewa moja tu. Ya maji.

Saa kumi na moja alfajiri nasimama. Magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kama nimekumbatia pipa. Saa nzima. Mwaka wa kwanza nililia kila siku, bila sauti, maana sauti ingekuwa moto. Kisha ngumi ya maji mara elfu moja. Kisha shule. Kisha mtama.

Nguo zangu zote nyeusi, rangi ya maji. Nyekundu marufuku. Miaka yetu ina wanyama kumi na wawili wanaopokezana, na mwaka wa mbwa ulipozunguka nikiwa na miaka kumi na miwili, na huo ndio mwaka wangu wa kuzaliwa, kila mtoto wa rika langu alifungwa mkanda mwekundu kiunoni wa kumkinga. Mimi nilipita mwaka mzima bila kitu. Bibi alisema nyekundu itaniongezea kuni.

Nyumbani niliruhusiwa siku moja kwa mwaka. Sikukuu ya mwaka mpya, chakula cha mchana.

Nakaa upande wa kaskazini mwa meza, upande wa maji. Baba upande wa pili. Katikati bibi anaweka bakuli la maji, limejaa mpaka ukingoni. Baba ananiuliza shule vipi, nasema nzuri. Ananisogezea samaki kwa vijiti, na mkono wake unalizunguka lile bakuli kwa mbali kama vile lingemng'ata.

Nikimaliza kula natoka kinyumenyume.

Siku nyingine zote mwisho wangu ni getini. Kila siku ya kumi nilipeleka chupa ya siki, naiweka kizingitini, nagonga mara mbili, narudi nyuma hatua tano.

Nilimuuliza bibi lini nitarudi. Akasema, "Maji yako yakitosha."

Sasa hapo ndipo nilipogeuka chizi wa mazoezi. Wenzangu walikuwa na michezo ya simu, mimi nilikuwa na mabakuli. Mwalimu aliniambia siku nitakayosimama saa nzima na bakuli la maji kwenye kila kiganja bila kumwaga, ataenda mwenyewe kwa bibi kunisemea.

Ilinichukua miaka tisa.

Nilipoweza, nikiwa na miaka kumi na tano, mwalimu kweli akavaa koti lake zuri akaenda. Bibi akakubali kufikiria. Wiki ile ile baba akakohoa damu, akalazwa.

Bibi akatuma ujumbe kupitia shangazi Cuilan, dada yake baba. Mwambieni moto wake umejificha tu.

Sikuvunja kitu. Nilirudi uani nikapiga ngumi ya maji elfu mbili. Ndivyo nilivyokuwa nimefundishwa kukasirika.

Mwaka jana nikafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Nikapigwa chini vibaya. Nikatorokea Taiyuan, nikasambaza chakula kwa pikipiki ya umeme miezi minane, nimevaa nyeusi, nalala kitanda cha juu chumba cha watu wanane. Saa kumi na moja bado naamka kusimama. Wenzangu walinipita wakienda msalani wakaniita mwanasesere wa dukani.

Halafu shangazi akanitumia ujumbe. Baba yako haamki tena kitandani bila kushikwa. Rudi, ila ujue bibi yako ameshapanga mambo ya mazishi. Chungu atavunja binamu yako.

Hapo nieleze kidogo. Kwetu jeneza likitoka, mtoto wa kiume mkubwa anainua chungu cha udongo chenye majivu, anakivunja chini. Ndiyo msafara unaondoka. Aliyevunja chungu ndiye mtoto wa marehemu, mbele ya mtaa mzima. Mimi ni mtoto pekee wa Duan Tiezhu, na wa kiume. Na chungu kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine wakati baba bado anapumua.

Nilirudi. Nikarudi kwenye mtama, nikarudi kwenye kupeleka siki getini. Nilikuwa nataka vitu viwili tu duniani. Nikae naye hata siku moja bila lile bakuli. Na siku ikifika, nikivunje kile chungu.

Sasa sikia.

Mwaka huu, kwenye kalenda yetu ya zamani inayofuata mwezi, mwezi wa sita umekuja mara mbili. Inatokea kila baada ya miaka michache. Miezi ya mwezi huwa inachelewa nyuma ya jua, kwa hiyo mwezi mmoja unarudiwa ili mambo yakae sawa. Na kwetu mwezi wa ziada ukiingia, binti aliyeolewa anamnunulia mama yake viatu vipya, avae avuke salama.

Nilifika getini na chupa yangu mchana wa jua kali. Lango limerudishiwa nusu. Ndani shangazi Cuilan alikuwa amepiga magoti anamvalisha bibi viatu vipya, vya kitambaa, na anamtania.

Alikuwa anasema hivi viatu avitunze, asivifanye kama vile vya maua ya zambarau. Vile alivyomletea mwaka ule miezi ya saba ilipokuwa miwili. "Nimekuvalisha asubuhi, mchana uchungu umemshika mke wa Tiezhu, ukakimbia navyo kwenye tope mpaka zahanati. Miao anatoka, wewe unalilia viatu."

Akacheka peke yake.

Bibi hakucheka. Alisema, "Cuilan. Nyamaza."

Mimi pale nje chupa iko mkononi.

Nimefeli hesabu, lakini hiyo niliiweza. Nimezaliwa mwezi wa saba tarehe tisa kwa hiyo kalenda ya zamani, kila mtu anajua. Mwaka ule mwezi wa saba ulikuwa mara mbili. Viatu vinanunuliwa mwezi wa ziada ukishaingia, na mwezi wa ziada ni ule wa pili. Kwa hiyo nilizaliwa kwenye ule wa pili.

Mpiga ramli alihesabu ule wa kwanza.

Mwezi mzima tofauti. Wa kwanza ni katikati ya joto, moto mtupu. Wa pili tayari ni mlango wa vuli, na vuli kwetu ni ya chuma.

Niliweka siki kizingitini. Sikugonga. Nikaondoka nimekaza miguu kama mtu anayevuka barafu.

Nilimpigia mama kusini. Hatujazoea kuongea, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja, nikamuuliza nilizaliwa lini kwa kalenda ya serikali. Akasema tarehe mosi Septemba. Alikumbuka maana akiwa kitandani zahanati alisikia watoto wanapita na mabegi mapya, siku ya kufungua shule. Nikamwambia kitambulisho changu kinasema pili Agosti. Akasema alimwambia bibi wakati ule, akajibiwa kuwa mzazi mwenye homa hajui siku.

"Mimi nilidhani ni mambo ya makaratasi tu," akasema. Na akaanza kulia, nikakata simu, maana yangu yalikuwa yananitosha.

Mwalimu Geng nilimkuta anageuza mtama. Nikasimama mbele yake, nikamwambia mwezi wa saba, wa pili.

Hakushtuka. Mzee hakushtuka kabisa.

Akajifuta mikono taratibu. Akasema siku nilipopigishwa magoti niwe mwanafunzi wake ilibidi aandike kadi yangu nyekundu ya uanafunzi, mwaka, mwezi na siku. Akafungua kalenda ya mwaka ule, akaona miezi ya saba miwili. Akamuuliza bibi swali ambalo mpiga ramli hakuuliza: saba upi?

"Alikaa kimya mpaka chai ikapoa," mwalimu akasema. "Akaniambia wa pili. Halafu akasema, mwalimu, tuyaache."

"Na wewe ukayaacha."

"Nikayaacha."

Nikamuuliza kwa nini. Nilitaka aseme jambo kubwa, la maana, la kunifanya nimsamehe hapo hapo.

"Mwanafunzi wangu wa mwisho alikuwa ameondoka mwezi ule, kaenda kulinda geti mjini," akasema. "Nina ngumi tano kichwani na hakuna wa kumwachia. Naletewa mtoto mwenye hofu, anasimama saa nzima bila kuambiwa mara mbili. Ningekwambia uko mzima, ungerudi kwenu kucheza."

Nikamwambia mtoto yule alikuwa na miaka sita.

"Najua." Akashika tena koleo, akaliacha. "Lakini maji hayakukudhuru, Miao. Mtu wa chuma anazaa maji. Angalia ulivyotulia sasa hivi."

"Sikuuliza kama yalinidhuru, mwalimu."

Na kweli nilikuwa nimetulia. Mikono haitetemeki. Pumzi iko chini tumboni kama alivyonifundisha. Niligundua mazoezi yamefanya kazi, na nikayachukia kwa sababu hiyo hiyo.

Nikaenda nyumbani.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini na viatu vyake vipya, chupa ya siki iko pembeni. Aliniona natokea mbali na hakuinuka. Nafikiri alijua kuanzia pale alipoikuta chupa na hakusikia mlango ukigongwa.

Nikasimama kwenye hatua zangu tano. Tabia mbaya haiondoki.

"Nilizaliwa saba upi, bibi?"

"Nani kakwambia?"

"Viatu."

Akaviangalia miguuni. Akasema yule mpiga ramli hakuuliza, na yeye alikuwa na haraka na hakutaka kutaja mwezi wa ziada, maana watu walisema mtoto wa mwezi wa ziada hana siku yake ya kuzaliwa, anaipata mara mbili tatu maishani. Aliona aibu. Baadaye jina likawa limeshapita. Baadaye kikohozi kikaja.

"Kikohozi kilipokuja ulijua si mimi."

Akaanza kuongea akiwa ameangalia upande wa barabara, kama vile anamweleza mtu mwingine.

"Mgodini nilimpeleka mwenyewe. Ana miaka kumi na saba. Alitaka useremala kwa mjomba wake, nikamwambia useremala haujengi nyumba." Akaigonga fremu ya lango kwa kifundo cha kidole. "Nyumba ndiyo hii."

Akaurudisha mkono magotini.

"Sasa kama si wewe," akasema, "si ndiyo mimi?"

Wanangu, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nilikuja na miaka kumi na tatu mdomoni, nataka kumtemea. Na yule kizee mbele yangu amekaa kama mtoto aliyekamatwa na yai mfukoni.

Sikumsamehe. Msije mkasema nimesamehe. Nilisema tu, "Nipishe."

Akasogeza miguu.

Chumba cha baba kilikuwa kinanuka dawa na plasta. Mashine ya hewa inanguruma, bomba liko puani. Mwili wake umeisha, mabega tu ndiyo yamebaki, kama henga isiyo na koti. Kwenye kiti kando ya kitanda, bakuli la maji. Kumbe halikuwa la sikukuu tu. Lilikaa pale mwaka mzima, upande wa mlango, kunizuia hata nisipokuwepo.

Aliponiona akajivuta ukutani.

Hicho ndicho siwezi kukisahau. Baba yangu, mtu aliyekuwa anabeba mbao za mgodi mbili mbili, alijivuta ukutani kwa kuniogopa mimi.

Nikapiga magoti mlangoni, mbali, nikamweleza. Viatu, zahanati, tarehe mosi Septemba, kadi nyekundu ya mwalimu. Yeye siku niliyozaliwa hakuwepo, alikuwa mgodi wa kaskazini, alirudi baada ya siku kumi akanikuta nina jina tayari. Hakuwahi kuwa na sababu ya kuhesabu.

Sasa akahesabu. Vidole vyake vilipita juu ya blanketi kimoja kimoja, vinasimama, vinarudi. Nikasubiri. Kusubiri ninakujua.

"Basi wewe ni chuma," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kama mimi."

"Ndiyo."

Akapumua mara kadhaa. Akanyoosha mkono.

"Nipe hilo bakuli."

Nikasogea, nikamshikia kichwa, akanywa. Alikunywa lote, kidogo kidogo, mengine yakamwagika kidevuni. Akalishusha, akaliangalia ndani lilipobaki tupu.

"Maji ya kawaida tu," akasema. "Tena yana vumbi."

Nilikaa kwenye kile kiti. Sikutoka kwa siku kumi na tisa.

Msidhani zilikuwa siku za filamu. Kuna asubuhi alizinduka, akaniona, akaruka kwa hofu kabla hajakumbuka. Kichwa kilishapata taarifa, mwili bado. Alikuwa ananiomba radhi kwa macho, na mimi najifanya sijaona.

Na kuna daktari. Nilimbana nikitaka baba ahamishiwe hospitali kubwa. Akaniambia kwa upole kwamba miaka sita iliyopita kulikuwa na kitu cha kujaribu, sasa hakuna. Akauliza tulikuwa wapi. Ningemwambia nini? Kwamba tulikuwa tunamtibu? Maana kwa bibi dawa ilishatolewa, dawa ni mimi kukaa mbali.

Baba alikuwa amejifunza kwa mwalimu Geng msimu mmoja tu wa baridi, kabla ya mgodi. Ngumi moja. Ya chuma. Alinifundisha akiwa amelala. Mkono unashuka kama shoka, pumzi inatoka pamoja nao. Miaka yangu ya maji ilikuwa inanisaliti, kila nikishusha mkono unataka kupanda.

"Unachimba kisima," alikuwa ananiambia. "Pasua."

Akicheka anakohoa, kwa hiyo tulijitahidi asicheke.

Siku ya kumi na tisa hakuamka. Mwezi wa sita wa pili ulikuwa bado haujaisha.

Msibani akaja mzee wa kuandika. Huyo ndiye anayepanga siku ya kuzika, na ndiye anayetazama tarehe za kuzaliwa za wafiwa, nani aruhusiwe kuwa karibu na jeneza na nani ageuze mgongo asimdhuru marehemu. Meza yake iliwekwa uani. Watu wote wamesimama. Binamu yangu ameshavaa nyeupe ya msiba na chungu kiko mguuni kwake, na maskini alikuwa haangalii upande wangu.

Mzee akauliza siku aliyofariki. Bibi akajibu mwezi wa sita, tarehe ishirini na moja.

"Sita upi?"

"Wa pili."

Akaandika. Akauliza mtoto wa marehemu. Mtu mmoja nyuma, sijui nani, akajibu kwa niaba ya mtaa kwamba huyo ni moto, anajulikana, ageuze mgongo. Nikaanza kugeuka. Naapa, baada ya yote yale, miguu yangu ilianza kugeuka yenyewe.

"Andika vizuri," bibi akasema.

Alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda chake. Hakupaza sauti.

"Mtoto wa marehemu kazaliwa mwezi wa saba tarehe tisa. Saba wa pili. Mimi ndiye niliyetaja vibaya. Nilijua, nikanyamaza."

Uani kukawa kimya mpaka nikasikia mashine ya hewa ya baba, kumbe hakuna aliyeizima, bado inanguruma chumbani kwa mtu ambaye hayupo.

Mzee akafunua kurasa za kalenda yake. Akafuatisha kwa kidole.

"Chuma," akasema.

"Basi mpe chungu," bibi akasema.

Binamu alikibeba mwenyewe akaniletea. Nikakiinua juu ya kichwa, nikakishusha. Mkono haukutaka kupanda. Ulishuka kama shoka, na pumzi ikatoka pamoja nao. Kilivunjika vipande vingi, na kwetu vikiwa vingi ndiyo vizuri.

Hiyo ndiyo habari yangu.

Kwa mwalimu Geng niliondoka. Aliniona nafunga blanketi, akasimama mlangoni na mikono yenye mtama. Lakini saa kumi na moja alfajiri bado naamka. Nimejaribu kulala, siwezi. Nasimama, magoti yamekunjwa, nakumbatia pipa lisilokuwepo. Nimejengwa juu ya uongo na nyumba haijaanguka. Sijui nifurahi au nifanye nini.

Ninachokijua ni hiki, na we unayesoma ukichukue. Mtu akikuambia una kasoro, akakupa na mazoezi ya kujirekebisha, usikimbilie mazoezi. Kwanza mwangalie yeye usoni. Muulize hiyo kasoro ikiondoka kwako itarudi kukaa kwa nani. Ukiona anababaika, ujue alikuwa anakubebesha ya kwake. Kujinyoosha ni jambo zuri sana, ila jinyooshe kwa sababu unataka, usijinyooshe ili uruhusiwe kuingia kwenu.

Wiki iliyopita nilienda kula kwa bibi. Alipika tambi, akatia siki nyingi kama alivyokuwa anapenda baba. Vile viatu amevivua, vimekaa rafuni, havijavuka mwezi. Akaweka bakuli la maji mezani, katikati, kati yangu na yeye.

Sikumuuliza ni la kumkinga yeye au la kunikinga mimi.

Yeye hakuligusa. Mimi sijalinywa. Bado.